UZI: Namna ya kusoma maandiko ya somo la Ustaarabu wa Magharibi chuoni mpaka uyaelewe

Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila muhula ukianza kilio ni kile kile: nimesoma kurasa zote 40, nimepigia mstari karibu kila sentensi, nimeingia semina, mhadhiri kauliza swali moja tu nikakosa la kusema. Somo lenyewe linakutoa Babeli na kukufikisha karne ya 20 kwa muhula mmoja au miwili. Kila wiki unakabidhiwa maandiko ya mtu wa zama nyingine anayegombana na watu usiowajua. Ukiyasoma kama unavyosoma gazeti, yatakupita.

Nimelisoma somo hili, na baadaye nimekaa miaka kadhaa nikiwasaidia wanaolisoma. Wacha niandike kwa kirefu.

Insha yangu ya kwanza ilihusu Sheria za Hammurabi. Nilizieleza moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, na nina hakika hakukuwa na kosa. Ikarudi na alama za chini na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Umeniambia andiko linasema nini. Hujaniambia linafanya nini." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikalifungua andiko upya, sentensi ile ikiwa mbele yangu, na hapo ndipo nilipoanza kusoma historia.

Kwanza tuelewane kuhusu aina mbili za kusoma ambazo wengi wanazichanganya. Kitabu cha kiada kimeandikwa na mtu aliyekwisha kuwasikiliza mashahidi na kutoa hukumu yake. Hicho kisome haraka upate ramani: nani alitawala, lini, vita gani vilikuwa vinaendelea. Chanzo cha msingi ni shahidi mwenyewe amesimama kizimbani. Shahidi unamtazama alikuwa amesimama wapi, anamwogopa nani, anataka hakimu aamini nini. Wengi wanamsoma shahidi kwa mwendo wa kitabu cha kiada, na tatizo lote linaanzia hapo.

Turudi kwa Hammurabi, aliyetawala Babeli takriban mwaka 1792 hadi 1750 KK. Jiwe la sheria zake liko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Ni jeusi, lina urefu wa mita 2 na robo, na juu kabisa amechongwa mfalme mbele ya Shamash, mungu wa jua na haki. Kila mtu anakumbuka "jicho kwa jicho". Sasa soma sheria ya 196 hadi ya 199, kidole kikiwa kwenye mstari. Muungwana akimharibu jicho muungwana mwenzake, lake nalo litaharibiwa. Akimharibu jicho mtu wa kawaida, atalipa mina moja ya fedha, kama nusu kilo hivi. Akimharibu jicho mtumwa wa muungwana, atalipa nusu ya thamani ya mtumwa huyo. Thamani! Kama mtu aliyeharibu mali ya jirani. Jicho kwa jicho ni haki ya waungwana wao kwa wao.

Halafu nenda kwenye utangulizi wa jiwe hilo hilo. Mfalme anasema miungu ilimteua ili mwenye nguvu asimwonee mnyonge. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba Hammurabi anajipinga. Subiri kwanza. Machoni pake huenda hakuna mgongano wowote: haki ni kila mtu kupata kinachomstahili kwa daraja lake. Ukifika hapo umeshaanza kuona dunia ya watu wa Babeli kwa macho yao, na una hoja ya insha.

Sasa njia ninayoitumia. Pembeni ya kila aya andika kitenzi kimoja. Usiandike mada, andika mwandishi anafanya nini: analaumu, anaomba, anaapa, anajitetea, anatisha, anaficha, anasifu. Ukiandika "demokrasia" pembeni, umeandika jina la kitu na akili imelala. Ukiandika "anawapa moyo wafiwa", lazima ujiulize wafiwa gani na kwa nini wanahitaji kupewa moyo.

Mfano wa pili ni hotuba ya Perikles, kiongozi wa Athene ya Ugiriki ya kale, ya kuwaaga waliokufa vitani, ambayo karibu kila silabasi inayo. Vita vya Athene na Sparta vilianza mwaka 431 KK, na majira ya baridi ya mwaka ule ule Waathene wakawazika wafu wao wa kwanza. Perikles anasifu mji: utawala uko mikononi mwa wengi, sheria ni moja kwa wote, umaskini haumzuii mtu kuutumikia mji. Wanafunzi wanainakili kama maelezo ya demokrasia ya Athene. Lakini yule ni kiongozi aliyewaingiza watu vitani, amesimama makaburini mbele ya wazazi wa vijana waliokufa. Vitenzi vyangu pembeni: anasifu, anahalalisha, anadai zaidi. Mwishoni anawageukia wajane kwa maneno machache mno: sifa yao kubwa ni kutotajwatajwa na wanaume, kwa wema wala kwa ubaya.

Kuna jambo jingine linalowapita wengi kwa sababu mhadhiri ametoa kurasa za hotuba peke yake. Tafuta kitabu kizima usome ukurasa unaofuata. Thukidides, mwanahistoria wa Athene aliyeiandika, anatoka kwenye hotuba na kuingia moja kwa moja kwenye tauni iliyoupiga mji mwaka 430 KK. Mwenyewe aliugua akapona. Anaeleza jinsi watu walivyoacha kuogopa sheria, maiti zikalala hekaluni, na wengine wakawa wanatupa maiti zao juu ya kuni zilizowashwa kwa ajili ya wafu wa watu wengine. Mistari michache nyuma tulikuwa tunazika kwa heshima zote za mji. Mpangilio huo ni sauti ya mwandishi pia, ingawa hasemi "mimi naona hivi".

Na ameshatuonya mapema, katika kitabu chake cha kwanza, kwamba ilikuwa vigumu kukumbuka hotuba neno kwa neno, hivyo ameandika yale aliyoona yanafaa kusemwa kwa hali ile, akikaa karibu kadiri alivyoweza na maana ya jumla ya yaliyosemwa. Kwa hiyo ukiandika "Perikles alisema", simama kidogo. Aliyekuletea maneno ni Thukidides, na hao ni mashahidi wawili.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

Mwaka wa Kwanza

Asante sana mkuu, hili la vitenzi sijawahi kulisikia. Ila nina shida ya muda. Wiki moja tunapewa sura nzima ya kitabu cha kiada, vyanzo vitatu na makala ya mwanahistoria. Nikisoma kwa kidole kwenye mstari nitafika kweli? Na tafsiri nyingine ni za zamani, sentensi moja inachukua nusu ukurasa, nikifika mwisho nimesahau mwanzo.

---

Binti Kitabu

Nimepita humo humo, mdogo wangu. Kabla mleta uzi hajajibu, acha niongeze mfano wangu: Hoja 95 za Martin Luther. Mwaka wangu wa kwanza nilizisoma kama orodha ya malalamiko, kuanzia ya 1 hadi ya 95, nikachoka kwenye ya 30. Sikuelewa kuwa ziliandikwa kwa Kilatini ziwe hoja za mjadala wa wasomi, na kwamba tarehe 31 Oktoba 1517 alizituma pamoja na barua kwa Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz. Maana yake ni padri na mhadhiri anamwandikia mkubwa wake, na anapima kila neno.

Ukishajua hilo, angalia anachofanya kuanzia hoja ya 81. Anasema mahubiri ya kuuza rehema, yaani hati za Kanisa za kusamehewa adhabu ya dhambi, yanafanya iwe vigumu hata kwa wasomi kulinda heshima ya Papa mbele ya maswali makali ya waumini wa kawaida. Kisha anayaorodhesha maswali hayo. Kwenye ya 86 waumini wanauliza: kwa nini Papa, ambaye utajiri wake leo unampita Crassus tajiri, asijenge Kanisa la Mtakatifu Petro kwa pesa zake mwenyewe badala ya pesa za waumini maskini?

Umeona? Jambo kali kuliko yote amelitia mdomoni mwa watu wengine. Kitenzi changu pale kilikuwa "anajikinga". Nilipokitamka darasani, semina nzima iliamka, kwa sababu nusu ya darasa walimwona Luther kama mtu aliyeamka asubuhi moja akaamua kuvunja Kanisa. Kwenye hoja zile bado anamtetea Papa dhidi ya wauzaji wa rehema, au walau anajionyesha hivyo. Uasi wa wazi ulikuja baadaye.

---

Kalamu Nyeusi

Dada umeniwahi, na mfano wako ni mzuri kuliko nilioutaka kuutoa.

Mwaka wa Kwanza, kuhusu muda: usigawe muda sawa kwa kila kitu. Anza na silabasi. Kichwa cha wiki ni swali lililofichwa. Kama wiki imeandikwa "Mamlaka na dhamiri" na chanzo ni Luther, umeshajua mhadhiri anataka uangalie wapi. Sura ya kitabu cha kiada ipitie vichwa vidogo, aya ya kwanza na ya mwisho ya kila sehemu. Makala ya mwanahistoria mtafute anabishana na nani, kwa kawaida anasema ndani ya kurasa 3 za mwanzo. Muda uliobaki wote upeleke kwenye chanzo. Kikiwa kirefu, kisome chote mara moja bila kalamu, kisha chagua kurasa 2 zilizokusumbua uzisome kwa kidole. Ukurasa uliokusumbua ndio wenye mali. Ule ulioelewa haraka huenda umeelewa ulichokuwa unakijua tayari.

Sentensi ndefu ikatekate. Tafuta nani anatenda, anatenda nini, yaliyobaki ni nyongeza. Kisha iseme kwa Kiswahili kwa sauti. Naamini sana katika hili. Ukiweza kuisema kwa lugha unayowazia, umeielewa. Ukikwama kwenye neno, huenda hapo ndipo jambo lenyewe lilipo.

---

Mtazamo Mwingine

Mimi nina swali la tofauti, na nauliza kwa dhati. Kwa nini tusome haya kwa makini namna hii? Waandishi hawa wa Magharibi wanaandika uhuru, usawa, haki, huku meli zao zimejaa watumwa. Mwanafunzi mwenzangu alisema semina iliyopita kuwa anasoma ili afaulu tu, moyoni ameshafunga kitabu. Sikuweza kumlaumu.

---

Kalamu Nyeusi

Swali hili ni zito, ndugu yangu, na nakushukuru kwa kulileta. Jibu langu ni kwamba msomaji mwenye uchungu huo ana sababu zaidi ya kusoma kwa makini.

Chukua Tamko la Haki za Mtu na Raia, lililopitishwa Ufaransa tarehe 26 Agosti 1789. Lina ibara 17. Ya kwanza inasema watu huzaliwa na hubaki huru na sawa katika haki. Ya 17 inasema mali ni haki takatifu isiyovunjwa. Weka ibara hizo mbili kando kwa kando, kisha fikiria koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, Haiti ya leo, lenye mashamba ya miwa, ambako mtumwa ni mtu na pia, kwa sheria ya mwenye shamba, ni mali. Ibara ipi inamhusu? Tamko halisemi. Agosti 1791 watumwa wa kule wakainuka wenyewe. Februari 1794 Paris ikafuta utumwa katika makoloni, Napoleon akaurudisha mwaka 1802, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru wake. Mtu aliyesoma ibara ya kwanza peke yake ataona kitabu cha wanafiki au kitabu cha mashujaa. Aliyezisoma zote mbili ataona ugomvi uliokuwa ndani ya karatasi tangu siku ya kwanza, na watu waliougeuza kuwa silaha yao.

Kuna na hili, ambalo sisi wasomaji wa Kiswahili tunalikosa kirahisi. Tamko lile mara nyingi tunaliita la "binadamu". Neno letu halina jinsia, linawabeba wote. Neno la Kifaransa pale, *homme*, ni mtu na pia ni mwanamume. Tukitafsiri "binadamu" tumeshaumaliza mgogoro kabla haujaanza. Olympe de Gouges, mwandishi wa kike wa Ufaransa, alisimama hasa kwenye ufa huo mwaka 1791, akaandika Tamko la Haki za Mwanamke na Raia wa Kike, akifuata lile la kwanza ibara kwa ibara. Novemba 1793 alikatwa kichwa kwa gilotini. Kwa hiyo ukitafsiri, jiulize lugha yetu imeongeza nini na imefunika nini.

Hata jina la somo lichunguze. "Ustaarabu" kwa asili yake ni kufanana na Waarabu, neno lililobeba historia ya pwani na biashara ya bahari. Neno la Kizungu, *civilization*, linatokana na *civis* ya Kilatini, raia wa mji. Hayo ni mawazo mawili tofauti kuhusu mtu aliyekamilika. Na somo lenyewe lina tarehe ya kuzaliwa: Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianzisha kozi yake ya ustaarabu mwaka 1919, baada ya kuwa na kozi ya masuala ya vita wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na vyuo vingi vya Marekani vikafuata njia hiyo. Nalo ni andiko. Liulize linafanya nini.

---

Binti Kitabu

Nakubaliana na hayo, ila niweke tahadhari moja kwa wanaoanza. Ukishajifunza kuuliza "anataka nini huyu", kuna hatari ya kumwona kila mwandishi mwongo, ukaishia kuandika "ana upendeleo" kwenye kila insha. Sentensi hiyo haina kazi. Kila shahidi ana upendeleo. Sema upendeleo gani, unaonekana kwenye neno lipi, na unatufundisha nini.

Hata andiko la uongo lina ushahidi ndani yake. Kulikuwa na hati ikidai kuwa Konstantino, mfalme wa Roma wa karne ya 4, alimkabidhi Papa mamlaka juu ya nchi za magharibi. Mwaka 1440 msomi wa Italia, Lorenzo Valla, aliichambua Kilatini chake akaonyesha kuwa haiwezi kuwa ya karne ya 4: inawataja "masatrapi" kama maofisa wa Roma, cheo cha Waajemi. Neno moja! Wanahistoria wanaiweka hati ile karibu na karne ya 8. Kwa Konstantino haitufai kitu. Kwa kujua watu wa karne ya 8 walitaka mamlaka ya Papa yasimame juu ya nini, ni dhahabu.

---

Mwaka wa Kwanza

Narudi kutoa mrejesho, wiki mbili baadaye. Tulipewa Machiavelli, kitabu chake juu ya watawala. Sura ya 17 niliijua kwa kusikia, ile ya ni bora kuogopwa au kupendwa. Safari hii nikaanza na barua ya mwanzo ya kumtunukia kitabu Lorenzo de' Medici, wa ukoo uliotawala Firenze, ambayo kawaida ningeiruka.

Vitenzi vyangu pembeni vilitoka hivi: anasifu, anajishusha, anatoa zawadi, anajipandisha, analalamika. Hicho cha nne kilinishangaza. Anasema wachoraji hushuka bondeni ili waione milima na hupanda milimani ili walione bonde, kwa hiyo anayeweza kuwajua watawala vizuri ni mtu wa chini. Kwa upole kabisa amemwambia mtawala kuwa kuna kitu hawezi kukiona bila yeye. Kisha sentensi ya mwisho anamwomba atazame chini aone jinsi anavyoteswa na bahati mbaya asiyoistahili.

Nikarudi kwenye kitabu cha kiada nikakuta alitumikia jamhuri ya Firenze kuanzia 1498 hadi 1512, Medici waliporudi akafukuzwa kazi, na mwanzoni mwa 1513 akafungwa na kuteswa kwa kutundikwa kwa mikono. Kitabu kiliandikwa mwaka huo huo. Mhadhiri alipouliza barua ile inafanya nini, nilinyoosha mkono nikasema: anaomba kazi kwa ukoo uliomtundika. Tukakaa kwenye barua ile dakika 20.

Sasa nimekwama. Sura ya mwisho, ya 26, sauti imebadilika kabisa, anahimiza mtu ainuke aikomboe Italia kutoka kwa wageni. Pembeni nimeandika "anaota", nikafuta, nikaandika "anawasha moto", nikafuta tena. Mtu anayeomba kazi na mtu huyu wa sura ya 26 ni mmoja?

---

Kalamu Nyeusi

Usifute. Viache vitenzi vyote viwili pale pale, na insha yako uianzie hapo ulipokwama.

Na kabla hujaandika, tafuta barua aliyomwandikia rafiki yake Vettori tarehe 10 Desemba 1513, akiwa shambani baada ya kufukuzwa. Anaeleza kwamba jioni ikifika anavua mlangoni nguo za kutwa zilizojaa tope, anavaa mavazi ya ikulu, anaingia chumbani kwake kwa vitabu vya watu wa kale. Anawauliza sababu za matendo yao, nao kwa utu wao wanamjibu. Saa nne nzima hachoki. Isome, kisha utuambie kitenzi cha sura ya 26.